Kadi Mia na Hamsini

Fundi cherehani Vairavan aliingia dukani
na futi ya kupimia ingali shingoni,
akasema kabla ya kuketi: Nataka shaba njano.
Ile bora. Binti yangu anaolewa baada ya Pongal.

Kadi ngapi?
Mia na hamsini.

Hapa Sivakasi kila mtu ana mjomba mchapaji
na shangazi wa kiwanda cha viberiti;
bei wanazijua wote, madini hawayajui.
Nikampangia kalibu mezani, moja moja.

Hii shaba njano, bwana, ni ya maboksi ya peremende,
ya jalada la kitabu cha hesabu cha jimbo zima.
Igandamize mara laki moja, haitoi jasho.
Mzee Pechimuthu huichonga kwa mkono, ngazi kwa ngazi,
unyoya wa tausi ukapanda, jicho lake likazama,
na bei nayo ikapanda, isizame.
Hii nyekundu ni shaba yenyewe:
hushika mstari mwembamba kama uzi wako wa hariri,
tindikali huila kwa adabu.
Na hii ya kijivu, ishike uone wepesi wake,
ni magnesi. Laini, rahisi, kesho asubuhi iko tayari.
Kwa kadi zako inatosha na kusaza.
Mtu hakodi tembo kubeba kikapu.

Nilidhani atacheka.
Alikirudisha kipande mezani kwa ncha za vidole viwili,
kama kitu kilichotoka jikoni sasa hivi.

Ndiyo ile ya fataki?

Ndiyo ile, nikasema, ila ile huwa unga,
na mdomo ukabaki wazi, umechelewa kufunga.

Nilikuwa darasa la sita mwaka wa vile vibanda saba.
Mwanga mweupe, mchana kweupe,
hata vivuli vyetu vikabandikwa ukutani mwa shule.
Jioni majina yakasomwa kwa kipaza sauti.
Sikumuuliza la mkewe lilikuwa la ngapi.

Akatoa mfukoni karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne.
Kolamu: nukta tisa kwa tisa,
na mstari mmoja unaozizunguka zote bila kukatika.
Mamaye alikuwa akiuchora mlangoni alfajiri, kwa unga wa mchele.
Huyu binti aliunakili siku moja, kabla kuku hawajaula.

Nikaweka kioo cha kukuzia juu yake.
Mstari mnene, wa penseli butu, mkono wa mtoto.
Magnesi ingeumudu hata usingizini.

Nikainua kichwa.
Mstari huu mwembamba sana, nikamwambia. Magnesi haiuwezi.

Hauwezi, akasema. Akaketi.

Tukaandika: shaba nyekundu.
Rangi? Nilikuwa nimeshafungua kitabu cha foili,
dhahabu kumi na mbili, moja kama chai ya maziwa,
moja kama jino la bwana harusi.
Hapana, akasema. Nyeupe juu ya nyeupe.
Ibonyezwe tu.

Basi jike la shaba, dume lake chini,
na karatasi nene kati yao, yenye pamba, isiyopasuka.

Mzee Pechimuthu alipokea oda jioni.
Akautazama mchoro, akanitazama mimi juu ya miwani,
miwani ile ile inayoona kosa la unywele.
Kadi mia na hamsini, akasema. Shaba.
Kimya.
Kweli, mwembamba mno.

Siku ya tatu Vairavan akaja.
Nikampa ya kwanza, bado ina joto la mashine.
Hakuisoma. Jina la bwana harusi hakulitafuta.
Aliigeuza, kama fundi anavyougeuza mshono
kuuona upande wa ndani,
akapitisha kidole gumba pale mstari ulipozama,
akazunguka nukta zote, polepole,
na mimi kaunta nikijifanya nahesabu chenji.